Nani atailipia redio ya machimboni?

Nairobi iliwahi kuwa na redio ya muziki wa roki. X FM, ya kampuni ya Radio Africa, ilikuwa ikipiga magitaa kutwa kucha kwenye masafa ya 105.5. Wapenzi wake hawakuwa wengi, ila walikuwa wa kufa na kuzikana nayo. Mapenzi hayo hayakuinusuru. Ilizimwa, na mashabiki wa roki wakahamia kwenye simu zao.

Kwa msikilizaji wa Kahama au Katoro, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini kilichoiua X FM kinazinyemelea pia redio ndogo za Shinyanga na Geita, hata zile zisizopiga roki kamwe: wanaosikiliza ni watu wengine, na wanaolipa ni wengine kabisa.

Kuendesha redio ya mkoani ni gharama isiyopumzika. Kuna ada za leseni za TCRA, haki za wasanii, umeme wa TANESCO, dizeli ya jenereta unapokatika, fundi wa kupanda mnarani na mishahara ya watangazaji. Redio Faraja ya Shinyanga ina Jimbo Katoliki nyuma yake. Isiyo na jimbo wala tajiri hutegemea matangazo ya biashara, nayo inayagombea na vigogo wa Dar es Salaam na Radio Free Africa ya Mwanza.

Zamani msikilizaji alilipa. Alinunua kadi za salamu dukani, akajaza majina ya shemeji, wajomba na marafiki, akazituma studio. Aliyefiwa alilipia tangazo la msiba. Aliyepotelewa na ng'ombe alilipia tangazo la kutaja rangi na alama zao. Ilikuwa fedha ndogo ndogo, lakini ilitoka mikononi mwa watu wengi. Kundi la WhatsApp limeifanya kazi yote hiyo bure, na redio imebaki na wasikilizaji wasioiingizia kitu.

Mtu atauliza: vipi redio ife njaa juu ya dhahabu? Mgodi wa GGM Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001. Lakini mgodi mkubwa haumuuzii mkulima wa Nyang'hwale kitu chochote, hivyo hauna haja ya kumbembeleza redioni. Mchimbaji mdogo naye, kutoka kwenye duara, yaani shimo lake, hadi mwaloni anakochenjulia, dhahabu yake huipeleka soko la madini, ambalo Geita ilifunguliwa lake mwaka 2019. Wanunuzi wako palepale. Hahitaji tangazo kuwatafuta. Mgodi ukifungwa, hali huwa ngumu zaidi: Buzwagi uliochimbwa tangu 2009 ulisimamisha uzalishaji 2021, na Kahama ikabaki kutafuta riziki nyingine.

Wanaobaki kulipa ni kampuni za kubashiri, mitandao ya simu, wahubiri wanaonunua saa nzima, na halmashauri. Hapo kwenye halmashauri ndipo pana utata. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mgodi na halmashauri lazima wakubaliane mpango wa fedha za kuhudumia jamii. Mwananchi anataka kujua zahanati imefikia wapi na darasa limeezekwa kwa shilingi ngapi. Swali hilo ni la redio ya jirani, si la redio ya Dar. Lakini mtangazaji anayesubiri malipo ya halmashauri atauliza kwa sauti gani?

Ufadhili nao una mwisho wake. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati kambi zimejaa Wanyarwanda na Warundi. Kambi hupungua, wafadhili huondoka, na wenyeji bado wanataka habari asubuhi.

Kenya ilipata njia nyingine kwenye lugha za makabila: Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000 na kufungua soko kubwa. Kwetu kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza, hivyo Kisukuma huingia studio kwa mlango wa nyimbo tu. Hata mlango huo una thamani. Ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma za Kisukuma, hujaza viwanja baada ya mavuno, na hakuna redio ya Dar itakayokesha huko.

Hapo ndipo pa kuanzia. Redio inayorusha ngoma moja kwa moja kutoka kijijini, inayotangaza ng'ombe waliopotea na inayohoji fedha za mgodi inauza kitu kisichopatikana kwingine. Inaweza kumwomba msikilizaji elfu moja kwa mwezi kwa simu, kama mwanachama, na kumsomea mapato na matumizi hewani. Wengi watakataa. Lakini elfu moja za watu mia tano wa Geita zitamlipia mtangazaji swali ambalo halmashauri haiwezi kulilipia.