Kidonda na Askari wa Damu

Mtu akipalilia migomba yake katika miteremko ya Meru, na jembe likamkata mguu, baada ya saa chache twaona pale pamevimba, pamekuwa pekundu, pana moto tena panauma. Wengi hudhani uvimbe huo ndio ugonjwa. Nasi tulidhani hivyo zamani. Sivyo. Chembe za mwili zilizoumia hupiga mbiu. Mishipa midogo hutanuka, damu huja kwa wingi, na chembe nyeupe hupenya kuta za mishipa zikaenda kuwala vijidudu. Usaha ni maiti za askari hao. Mwaka 1882, huko Messina, Élie Metchnikoff alichoma miiba watoto wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini, akaona chembe zimeizunguka.

Askari wengine humkumbuka adui: aliyekwisha kuugua surua kwa kawaida haugui tena. Lakini pepopunda ni hila nyingine. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na sumu yake huua ikiwa kidogo mno hata mwili usijifunze. Aliyepona aweza kuugua mara ya pili. Kwa hiyo kidonda kisipakwe samadi, bali kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwenyewe aende zahanati akachanjwe. Chanjo hiyo ni sumu ile ile iliyovunjwa nguvu, ili askari waijue mapema.