Kufuga Chatu: Nyoka Aliyetulia Ndiye Salama

Kikundi kinachotaka kuvutia wageni chaweza kufikiria kufuga chatu. Kazi hii yawezekana, lakini si kama kufuga kuku. Chatu mkubwa hufika mita 3 hadi 5. Hana sumu, lakini hubana windo mpaka life, na hata mtu anaweza kumuua. Basi kumtuliza ni usalama wenu pia.

KIBALI. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, ni lazima mpate kibali kutoka KWS. Msimkamate chatu msituni halafu mkaulize baadaye. Hilo ni kosa.

BANDA. Liwe na nafasi ya kujinyoosha, paa imara na mlango wa kufuli. Wavu wa kuku haufai; atasugua pua mpaka apate kidonda. Kuta za ndani ziwe laini. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32, mwingine nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Chatu hategemei joto la mwili wake kama sisi. Akipata baridi, chakula hakisagiki tumboni. Penye baridi tumieni taa ya joto, nayo ifunikwe kwa wavu asiungue. Mpeni pia sanduku la kujificha na beseni la maji analoweza kuingia mwili mzima.

CHAKULA. Chatu mkubwa hula mara moja kila wiki 2 hadi 4. Mpeni sungura au kuku aliyekwisha kufa, mzima na manyoya yake, asiyezidi unene wa chatu mwenyewe. Mnyama hai anaweza kumng'ata. Tumieni koleo ndefu: mkono unaonuka kuku, kwake ni kuku! Akishakula, msimshike kwa siku 2 au zaidi, la sivyo atatapika.

DALILI. Aliyetulia hujikunja mafichoni na hujivua ngozi vizuri. Macho yakiwa na ukungu, karibu atajivua, mwacheni. Akizungukazunguka akisugua pua ukutani, kagueni joto, maji na maficho.

TAHADHARI. Mtu asiingie bandani peke yake, hata kama amemzoea miaka mingi. Watoto wakae nje.

Mwisho, fanyeni hesabu pamoja. Chatu aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Je, nani atamlisha wanachama wa leo wakichoka? Kama hakuna jibu, heri mfuge kuku.