Mchonga Mawe wa Nyeri: Maji ni Adui, tena ni Rafiki

Wenyeji wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hupita kila siku mbele ya nyumba, makanisa na makaburi ya mawe. Kazi ya mtu aliyeyachonga mawe hayo haifahamiki vema mpaka lifahamike neno moja, nalo ni maji. Maji ni adui wa jiwe lililokwisha kuchongwa, lakini ni rafiki wa mtu anayelichonga.

Kwanza yafaa kujua asili ya jiwe lenyewe. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ulikuwa volkano, na moto wake ulizimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mawe yaliyoyeyuka yalipopoa yalikuwa jiwe gumu, jeusi au la kijivu. Majivu yaliyorushwa nayo yalishikamana, yakawa jiwe laini likatwalo kwa urahisi. Jiwe gumu humchosha fundi na kumaliza makali ya tindo, bali hustahimili mvua. Jiwe laini hunyonya maji. Kwa hiyo fundi hodari hulipiga jiwe kwa nyundo kabla ya kupatana bei. Likilia kama kengele, ni zima; likitoa sauti iliyofifia, huenda lina ufa ndani.

Herufi nazo zina kanuni zake. Fundi huchora kwanza kwa kalamu na bikari, kisha hukata kila mstari kwa kuinamisha tindo pande zote mbili, pande hizo zikutane chini. Mfereji wa namna hiyo haushiki maji kwa wingi, na kivuli chake husomeka kwa mbali. Jiwe lililolazwa chini hutaka herufi za kina kirefu zaidi, kwa maana mvua hutuama juu yake, na jua la adhuhuri likiwa utosini halifanyi kivuli.

Mfano wa kutazamwa uko Nyeri mjini, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe lake imechongwa duara yenye nukta katikati. Hiyo ni alama ya njiani ya Maskauti, na maana yake ni kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Alama ndogo kama hiyo husema mengi kuliko mapambo, na tena haimpi mvua mahali pengi pa kushika.

Mchonga mawe mwema hupenda pia miti na maua, kwa sababu kazi yake huishi kati ya hayo. Hutazama maji yanapita wapi wakati wa mvua za masika, na jua linaangukia upande gani asubuhi. Hatasimamisha jiwe karibu na mugumo, maana mizizi ya mti huo huingia katika ufa mwembamba na kuupanua. Huweka kokoto chini ya jiwe ili maji yapite, na huacha nafasi kati yake na maua ili upepo ulikaushe.

Watu wa Nyeri wametoa mafundi wa sifa. Samuel Wanjau, mzaliwa wa huko, alichonga vitako vya bunduki kwa ajili ya wapiganaji wa msituni katika miaka ya 1950. Baadaye mikono hiyohiyo ikafanya sanamu. Sanamu yake ya mpigania uhuru imo katika bustani ya ukumbusho wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, katika City Park, Nairobi. Wapitao hapo huiona chini ya anga, kati ya majani.

Sasa twarudi kwa maji, maana hapa ndipo maisha yalipo. Mawe mengi yana madini iitwayo silika. Tindo au msumeno ukipita juu ya jiwe kavu, hutoka vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, nalo huingia mapafuni na kuyatia makovu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe upesi na kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Njia iliyo bora ni kulowesha jiwe na msumeno muda wote wa kazi, kufanya kazi mahali penye upepo, kuvaa barakoa maalumu ya vumbi, na kufagia kwa maji wala si kwa ufagio mkavu. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto zikiwa na vumbi.

Mwenye kukohoa kwa majuma mawili na zaidi aende hospitali upesi, na amweleze daktari kwamba kazi yake ni mawe. Jiwe lililochongwa vema litasimama miaka mia. Inafaa na aliyelichonga aishi hata aone wajukuu wake wakilisoma.