Hakimo si Hakiko: Juu ya Vifurushi Vinavyokosekana katika Kutayarisha Zana za Kutungia Programu za Simu

1. Utangulizi

Si ajabu siku hizi kumkuta mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili anayetamani kutunga programu ya simu ya mkononi: kamusi ndogo, mkusanyo wa methali, au mazoezi ya ngeli za majina. Hata hivyo, tamaa hiyo mara nyingi hukomea mlangoni. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, mtu hupaswa kuweka zana za kazi katika kompyuta yake, na zana hizo humjibu ya kwamba kifurushi fulani hakikuonekana. Naye hufuta kila kitu na kupakua upya gigabaiti kadhaa, kwa mega alizozinunua kwa fedha yake mwenyewe. Umeme ukikatika katikati, huanza tena. Mara ya tatu huacha, akiamini ya kwamba kazi hii ni ya watu wa hesabu peke yao.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha ya kwamba ujumbe huo husomwa vibaya, na ya kwamba mtu aliyezoea kupima maana ya maneno anao uwezo wa kuusoma vizuri. Tutachukua mfano wa zana za Android, kwa sababu ndizo zinazotumika kutungia programu za simu nyingi tunazoziona mikononi mwa watu, na kwa sababu zaweza kuwekwa katika kompyuta ya kawaida ya Windows au Linux bila malipo.

2. Sarufi ya ujumbe

Kiswahili sanifu kina njia tatu za kukana mahali. Tukisema *hakipo*, tunataja mahali dhahiri. Tukisema *hakiko*, mahali hapajulikani wala hapana mipaka. Tukisema *hakimo*, tunasema habari za ndani ya kitu. Lugha ambayo zana hizi huitumia haina tofauti hiyo. Neno lake moja la kukosekana hubeba maana zote tatu.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kompyuta husema: hakimo, yaani nimetazama ndani ya folda hii, kwa jina hili na toleo hili, nisikione. Msomaji husikia: hakiko, yaani hakuna popote, budi kikaletwe upya. Kumbe mara nyingi kifurushi kimekwisha kuletwa, nacho kimekaa katika folda ya jirani.

Basi, kila ujumbe wa namna hii tuutafsiri kwanza kwa *hakimo*, kisha tuulize: humo wapi? kwa jina gani? toleo lipi? na ni nani aliyezuia?

3. Vifurushi vyenyewe

Zana za Android hazikuunganishwa kuwa kitu kimoja. Ziko katika folda kuu inayoitwa Sdk, na ndani yake mna vifurushi vyenye kazi mbalimbali. Kimoja, *platform-tools*, huiunganisha kompyuta na simu. Cha pili, *build-tools*, huigeuza programu iliyoandikwa kuwa faili ambayo simu yaweza kuipokea. Cha tatu, *platforms*, hueleza kila toleo la Android. Kwa mfano *android-34* ni Android 14, iliyotolewa mwaka 2023. Cha nne, *cmdline-tools*, kina *sdkmanager*, programu ambayo kazi yake ni kuleta na kuhesabu vile vingine.

Juu ya hivyo pana Java, inayoendesha zana nyingi kati ya hizo, na Gradle, ambayo huijenga programu na kukusanya maktaba kutoka katika maghala ya intaneti. Anayetumia Flutter ana tabaka moja zaidi juu ya hayo yote. Kila tabaka hulitegemea la chini yake, na ujumbe wa kukosekana waweza kutoka katika tabaka lolote. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutambua ni nani asemaye.

4. Sababu tano

4.1. Mahali

Sababu inayotokea mara nyingi ni mahali. Katika Linux, Android Studio kwa kawaida huiweka folda ya Sdk ndani ya folda iitwayo Android nyumbani kwa mtumiaji; katika Windows huiweka ndani ya AppData, folda ambayo kwa desturi imefichwa. Zana nyingine huipata kwa kufuata kibao cha njia kiitwacho ANDROID_HOME, au kwa kusoma faili ya *local.properties* katika mradi. Kibao kikielekeza kwenye folda ya zamani, vifurushi vyote hutangazwa kuwa havipo, ingawa vimo salama mahali pengine.

Mfano ulio wazi ni ule wa *cmdline-tools*. Mtu huipakua faili yake iliyobanwa, huifungua ndani ya Sdk, kisha *sdkmanager* hudai ya kwamba haiwezi kutambua folda kuu iko wapi. Sababu ni kwamba programu hiyo hupima mahali pa Sdk kwa kuanzia mahali pake yenyewe, na hutarajia kukaa katika *cmdline-tools/latest/bin*. Faili ikifunguliwa vivi hivi, folda ya *latest* hukosekana katikati. Dawa yake ni kuunda folda hiyo na kuhamishia yaliyomo ndani yake. Hapahitajiki hata megabaiti moja.

Kwa sisi tunaotumia kompyuta zilizowekwa kwa Kifaransa, pana mitego miwili zaidi. Windows ya Kifaransa huonyesha folda ya *Utilisateurs*, lakini jina lake halisi katika diski ni *Users*. Anayeandika kile anachokiona huipotosha zana. Aidha, mwenye jina kama Hélène au Benoît aweza kuwa na folda yenye herufi zenye alama juu yake, na katika Windows zana za kujengea programu hukwama kwa herufi hizo. Ni heri mradi uwekwe katika folda yenye jina fupi, lisilo na nafasi wala alama, kama *C:\kazi*.

4.2. Jina na toleo

Sababu ya pili ni jina. Vifurushi huitwa kwa majina kama *platforms;android-34*, yenye nukta mkato katikati. Katika Linux na Mac, dirisha la amri huichukua nukta mkato kuwa mwisho wa amri. Basi mtu akiandika jina hilo bila alama za usemi, kompyuta husoma amri mbili: ya kwanza yaomba kifurushi kiitwacho *platforms*, kisichokuwapo, ya pili yaita programu iitwayo *android-34*, nayo haipo. Mwandishi hupata jumbe mbili za kukosekana kwa ajili ya alama moja ya uandishi. Jina zima litiwe ndani ya alama za usemi, na tatizo litakwisha. Katika Linux tuangalie pia herufi kubwa na ndogo, kwa maana Sdk na sdk ni folda mbili tofauti.

Toleo ni jambo linaloshabihiana na hilo. Kuwa na *build-tools* ya namba moja hakutoshi ikiwa mradi umetaja namba nyingine. Kwa Java hali ni ngumu zaidi. *sdkmanager* ya zamani, iliyokaa katika folda ya *tools*, ilitegemea sehemu ya Java iitwayo JAXB. Sehemu hiyo iliwekwa kando katika Java 9 mwaka 2017, ikaondolewa kabisa katika Java 11 mwaka 2018. Anayefuata mwongozo wa kale kwa Java mpya huambiwa ya kwamba *javax/xml/bind* haionekani, naye huanza kuitafuta kama kifurushi kilichopotea. Lililo sahihi ni kuiacha folda ya *tools* na kutumia *cmdline-tools*. Kinyume chake pia hutokea: programu-jalizi ya Android kwa Gradle, toleo la 8.0 la mwaka 2023, inahitaji Java 17, na Java ya kale hukataliwa.

Tukumbuke pia ya kwamba Android Studio huja na Java yake yenyewe. Kwa hiyo mradi waweza kujengwa vizuri ndani ya Android Studio na kushindwa katika dirisha la amri, ambako Java nyingine ndiyo inayoitikia. Kibao cha JAVA_HOME ndicho cha kuangaliwa hapo.

4.3. Ruhusa

Sababu ya tatu si ya ufundi, ni ya sheria. Vifurushi vya Sdk vina leseni ambazo mtumiaji hutakiwa kuzikubali. Asipozikubali, Gradle hukataa kuvileta, nao ujumbe hufanana na ule wa kukosekana. Amri ya *sdkmanager --licenses*, au kwa Flutter *flutter doctor --android-licenses*, huonyesha leseni moja moja ili zisomwe na kujibiwa. Majibu huhifadhiwa katika folda ya *licenses* ndani ya Sdk.

4.4. Njia

Ya nne ni njia ya intaneti yenyewe. Katika vyuo vingine mtandao hupitia seva ya kati. Kivinjari kinaijua seva hiyo, lakini Gradle haiijui mpaka iandikwe katika faili ya *gradle.properties*. Tena, kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila inapokosa umeme. Ikidhani ya kwamba ni mwaka uliopita zamani, huzikataa hati za usalama za seva zote, na kila ghala huonekana limefungwa. Kabla ya kulaumu zana, mtu atazame saa.

4.5. Ghala lililofungwa

Ya tano ndiyo pekee ambayo *hakiko* yaweza kuwa jibu la kweli. Kwa miaka mingi miradi mingi ya Android ilichukua maktaba katika ghala lililoitwa JCenter. Mwezi wa Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza ya kwamba italifunga. Ghala likaacha kupokea vitu vipya, likabaki la kusomwa tu, na mwezi wa Agosti 2024 maombi yake yakaelekezwa kwenye ghala la Maven Central. Maktaba ambazo wenyewe walizihamisha zaendelea kupatikana. Zile ambazo hazikuhamishwa zimetoweka pamoja na ghala. Mradi wa kale unaotaja *jcenter()* ubadilishwe utaje *google()* na *mavenCentral()*. Maktaba isipoonekana hata huko, hapana budi kutafuta nyingine badala yake.

5. Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na hayo, twapendekeza utaratibu huu, ambao hatua zake zote isipokuwa ya mwisho hazigharimu mega nyingi.

Kwanza, ujumbe usomwe wote. Mstari wa mwisho, ulio mwekundu, mara nyingi ni matokeo tu. Sababu imetajwa mistari kadhaa juu yake, pamoja na njia ya folda iliyotazamwa.

Pili, njia hiyo ifunguliwe kwa macho. Je, folda ipo? Imo na kitu? Anayetumia Flutter ataandika *flutter doctor -v*, apate kuona ni Sdk ipi na Java ipi zilizotambuliwa.

Tatu, vifurushi vihesabiwe kwa *sdkmanager --list_installed*, na orodha ilinganishwe na namba zilizoandikwa katika mradi.

Nne, leseni, saa na seva ya kati vikaguliwe.

Tano, baada ya hayo tu, kipakuliwe kifurushi kile kimoja kilichothibitika kukosekana. Ikiwa Flutter yalalamikia *cmdline-tools*, hapana haja ya kuifuta Android Studio nzima. Yatosha kukichagua kifurushi hicho katika orodha ya zana za Sdk.

6. Kugawana kilichopatikana

Pana faida nyingine ya kujua mahali pa kila kitu, nayo ni ya jamii. Anayejua vifurushi vimekaa wapi aweza kuwagawia wenzake. Folda ya Sdk yaweza kunakiliwa kwa diski ya mkononi kutoka Windows hadi Windows, au kutoka Linux hadi Linux; lakini *build-tools* na *platform-tools* hazivuki kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Maktaba za Gradle nazo, tangu toleo la 6.1, zaweza kuhamishwa kwa kunakili folda ya *modules-2* iliyomo ndani ya *caches*, bila faili zinazoishia kwa *.lock* wala ile ya *gc.properties*, mradi matoleo ya Gradle yapatane. Kisha *--offline* huiamuru Gradle isitafute chochote nje. Hivyo darasa la watu ishirini laweza kufanya kazi kwa upakuaji wa mtu mmoja.

7. Hitimisho

Tumeona ya kwamba katika sababu tano za ukosefu, nne hazihitaji upakuaji mpya wa kila kitu: zinahitaji kusahihisha njia, jina, toleo, ruhusa au tarehe. Anayefuta zana zote kwa kila ujumbe huipoteza hata dalili ambayo ingemwonyesha kosa. Kazi ya kuzisoma jumbe hizi ni ya uchambuzi wa matini: nani asema, ataja nini, na neno lake lina mipaka gani. Idara za lugha zina mazoezi hayo tayari. Kamusi ya simu ambayo idara imeikusudia isife kwa ajili ya nukta mkato, au kwa ajili ya folda moja iliyokosa kuundwa.