Mali ya Mteja ni Amana: Iandike Kabla ya Kuigusa

Ndugu msomaji, huenda wewe ni fundi baiskeli. Huenda wewe ni fundi cherehani au fundi wa mashua. Huenda una mashine ya kukoboa mpunga, au unachaji simu za watu kwa umeme wa jua. Kazi hizi zinafanana kwa jambo moja. Watu wanakuachia mali yao. Wewe unaifungua, unaikata au unailaza kwako usiku. Kisha unairudisha.

Siku nyingine mali hairudi kama mwenyewe alivyotaka. Kitambaa kimeungua. Rimu imepinda. Mchele umekatikakatika. Mwenye mali anakuja juu. Anasema, "Umeniharibia." Wewe unajibu, "Ilikuja hivyo hivyo." Je, nani alipe?

Hapa Bweni jambo hili ni zito. Bweni iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Kilindoni, penye makao makuu ya wilaya, ni mbali, zaidi ya kilomita 40. Mtu hawezi kwenda Kilindoni kila tairi lake likitoboka. Anamtegemea fundi wa kijijini. Fundi naye anawategemea watu hao hao. Wateja wako ni majirani, mashemeji na wajomba. Mnakutana kisimani, msikitini na harusini. Ugomvi wa rimu moja unaweza kufunga kazi yako. Tena unaweza kufunga mlango wa ndugu yako.

Basi tujifunze jinsi ya kuzuia ugomvi huo, na jinsi ya kuumaliza ukitokea.

UGOMVI HUANZIA WAPI?

Tuchukue mfano. Mzee analeta baiskeli kwa kijana fundi asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Tairi la nyuma limetoboka. Nitakuja jioni."

Mzee anaegemeza baiskeli ukutani, anakwenda zake. Kijana anaziba pancha. Jioni mzee anarudi. Anazungusha gurudumu la mbele. Linayumba.

"Mwanangu, rimu hii mmeipinda hapa."

"Hapana, mjomba. Ya mbele sikuigusa."

"Nimeileta nzima!"

Inawezekana mzee anasema kweli. Labda watoto waliiangusha baiskeli mchana. Inawezekana kijana naye anasema kweli. Labda rimu ilipinda juzi kwenye shimo, na mzee hakuiangalia. Kila mmoja anasema anachokiamini. Lakini hakuna anayeweza kuonyesha.

Ugomvi huu haukuanza jioni. Ulianza asubuhi, pale baiskeli ilipopokelewa bila watu wawili kuitazama. Wangeitazama kwa dakika tatu tu, jioni pasingekuwa na neno.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo kulinda kazi yako.

HATUA NNE ZA KUPOKEA MALI

Kwanza, tazameni pamoja. Zungusha magurudumu mbele ya mwenyewe. Kunjua kitambaa chote, mtazame kama kina doa au tundu. Washa simu au redio, msikie kama inafanya kazi. Usipokee kitu kilichofungwa bila kukifungua.

Pili, uliza. Kimeharibika lini? Kimeshafunguliwa na fundi mwingine? Kimeingia maji ya chumvi? Simu iliyoanguka baharini inaweza kuwaka leo na kuzima kesho, kwa sababu chumvi inaendelea kula vyuma vya ndani. Ukilijua jambo hilo mapema, hutalaumiwa baadaye.

Tatu, sema hatari kabla ya kuanza kazi. Mwambie mteja, "Shangazi, nati hii imeshika kutu. Nikiilazimisha inaweza kukatika. Nifanye, au niache?" Akikubali, mmeamua wote wawili. Ukinyamaza na nati ikakatika, umeamua peke yako.

Nne, andika. Daftari la kawaida linatosha. Andika hivi:

Tarehe: 4 Juni.
Jina la mwenye mali: (andika jina lake).
Kitu: baiskeli nyeusi ya kiume.
Hali yake: rimu ya mbele imepinda kidogo. Kengele haipo. Spoki mbili za nyuma zimekatika.
Kazi: kuziba pancha ya nyuma.
Bei: (andika mliyokubaliana).
Siku ya kuchukua: leo jioni.
Sahihi ya mwenye mali na sahihi ya fundi.

Kama mwenye mali hajui kusoma, msomee kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini. Kisha aweke dole gumba. Wengine wataona haya kumwandikia mjomba wao. Usione haya. Mwambie, "Mjomba, naandika ili mali yako isipotee." Hiyo ni heshima.

Kwa anayechaji simu, njia nyepesi ni namba. Kata vipande vya karatasi ngumu, viwili viwili. Andika namba moja kwenye viwili. Kimoja funga kwenye simu, kingine mpe mwenyewe. Asiyeleta namba asipewe simu mpaka ahakikishwe.

SHERIA INASEMA NINI?

Tanzania ina Sheria ya Mikataba iliyotungwa mwaka 1961. Sheria hiyo inaeleza pia habari za mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake. Mambo yake makubwa ni haya.

Aliyekabidhiwa mali lazima aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Kama ameitunza hivyo, na bado ikaharibika kwa jambo lililo nje ya uwezo wake, halipi, ila kama walipatana vingine. Tuseme tufani imeng'oa paa la kibanda chako imara. Hilo si kosa lako. Lakini tuseme uliiacha cherehani ya mtu nje usiku na mvua ikainyeshea. Hilo ni kosa lako.

Usiitumie mali ya mteja kwa shughuli zako. Ukipanda baiskeli yake kwenda Kanga bila ruhusa ikavunjika njiani, utalipa.

Mwenye mali naye ana wajibu. Kama anajua ubovu wenye hatari, lazima akuambie.

Tena fundi ana haki moja. Ukimaliza kazi mliyopatana, unaweza kukishika kitu hicho mpaka ulipwe ujira wa kazi hiyo. Lakini haki ya kushika si haki ya kuuza. Mteja asipotokea kwa muda mrefu, usiuze. Nenda ofisi ya kijiji ukaandikishe jambo hilo kwanza.

Mambo haya si mageni duniani. Karibu miaka 3,800 iliyopita, mfalme Hammurabi wa Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, aliandikisha sheria zake kwenye jiwe. Moja ilihusu fundi wa mashua. Fundi akikalafati mashua vibaya, ikaonyesha ubovu mwaka huo huo, lazima aifumue na kuitengeneza upya kwa gharama yake. Mafundi wa mashua wa Mafia wataielewa sheria hiyo mara moja. Fundi analipia kazi mbaya ya mkono wake.

UGOMVI WA MASHINE YA MPUNGA

Ndugu zangu wakulima, huu ni ugomvi ambao sisi mabwana shamba tunausikia sana. Mtu anapeleka kilo 100 za mpunga. Anarudishiwa kilo 60 za mchele. Anasema, "Kilo 40 zimeibiwa!"

Tupige hesabu. Katika kilo 100 za mpunga, makapi peke yake ni karibu kilo 20. Pumba ni karibu kilo 10. Kwa mashine ndogo za vijijini, mchele unaobaki mara nyingi ni kati ya kilo 55 na 65. Kwa hiyo kilo 60 si wizi. Lakini mwenye mashine asiyepima hawezi kuthibitisha hata kidogo. Pima mpunga unapoingia. Pima mchele unapotoka. Mrudishie mwenyewe pumba zake kama ni zake. Andika hesabu zote mbele yake.

Jambo la pili ni chenga. Mchele ukikatika, kosa laweza kuwa la mashine. Labda imekazwa mno. Lakini laweza kuwa la mpunga wenyewe. Mpunga wenye unyevu huvunjika. Mpunga uliokaushwa upesi mno kwenye jua kali, au ulionyeshewa baada ya kukauka, hupasuka ndani kabla haujafika mashineni.

Basi fanyeni jaribio. Chukua punje chache, uzing'ate. Punje mbichi hubonyea. Punje kavu huvunjika kwa mlio. Kisha menya punje 20 kwa mkono, uzitazame kwenye mwanga. Ukiona nyingi zina nyufa, mwambie mwenye mpunga kabla ya kuwasha mashine. Mwambie pia uanze na debe moja. Mkiridhika nyote, endelea. Msiporidhika, hasara ni ya debe moja tu, si ya gunia.

KAMA KOSA NI LAKO

Pasi ya mkaa imedondosha cheche. Kitambaa cha harusi kimeungua. Ufanye nini?

Usikifiche. Usimsubiri mteja agundue nyumbani. Mwite mapema, mwonyeshe, mwambie, "Dada, nimekuunguzia. Nataka tulimalize." Mtu akiambiwa mapema ana nafasi ya kutafuta kitambaa kingine kabla ya harusi. Akiambiwa siku ya harusi, atakasirika zaidi, na ni haki yake.

Kisha pigeni hesabu ya haki. Kama kitambaa ni kipya na kimenunuliwa shilingi 20,000, lipa shilingi 20,000, na ujira wa kushona usiutoze. Kama kitu kilikuwa kimechakaa, lipa thamani yake ya siku ulipokipokea. Tuseme umeharibu tairi. Jipya ni shilingi 16,000, na lile lilikuwa limetumika nusu. Hasara ni shilingi 8,000. Mnaweza kununua jipya: wewe utoe 8,000, mteja aongeze 8,000.

Huna fedha kwa mara moja? Patana kulipa kidogo kidogo, na andika tarehe za kulipa. Au lipa kwa kazi. Lakini mteja akubali mwenyewe, asilazimishwe.

Kila wiki weka kando sehemu ndogo ya mapato yako. Hiyo iwe akiba ya hasara. Usiile. Siku cheche ikidondoka utaishukuru.

KAMA HAMKUBALIANI

Msigombane mbele ya watu. Wekeni kitu kile kama kilivyo. Usikitengeneze tena, maana hicho ndicho shahidi. Fungueni daftari. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

Likishindikana, tafuteni fundi mwingine asiye na ndugu wala deni kwa yeyote kati yenu. Atazame aseme: ubovu huu ni wa zamani au mpya? Kutu ndani ya mpasuko huonyesha kuwa ni wa zamani. Chuma kinachong'aa huonyesha mpasuko mpya.

Bado hamjaelewana? Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Kisha kuna Baraza la Kata. Mabaraza haya yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kazi yake kubwa ni kuleta amani kwa kupatanisha watu. Mahakama ya Mwanzo iwe ya mwisho. Kote huko utaulizwa swali moja: "Ulipoipokea mali ilikuwaje?" Mwenye daftari atajibu. Asiye nalo ataapa tu.

Na kama haijulikani kabisa ni kosa la nani? Hapo wengi hugawana hasara nusu kwa nusu. Si kwamba umekiri kosa. Umenunua amani na umemlinda mteja. Andikeni hivyo hivyo: "Tumegawana hasara kwa kupatana."

Ndugu fundi, daftari moja na kalamu moja ni bei ndogo kuliko rimu moja. Nunua leo. Kesho mteja wa kwanza akifika, msalimie, mtazame mali pamoja, kisha andika. Ukifanya hivyo kila siku, watu watasema, "Peleka kwa yule, mali yako itarudi." Jina hilo ndilo mtaji wa fundi.