Unataka kununua VX inayopanda na kushuka? Iangalie asubuhi, kabla haijawashwa

Wiki chache zilizopita msikilizaji wetu mmoja kutoka Makete alitupigia simu studio akiwa na uchungu. Alikuwa ameuza miti ya mbao aliyoitunza kwa miaka mingi, akanunua Land Cruiser VX iliyotumika. Siku alipoijaribu mjini, ilitembea kama iko juu ya godoro. Wiki ya tatu akaamka na kukuta imeketi nyuma, kama ng'ombe aliyelala. Fundi wa kijijini akachungulia chini, akasema hajawahi kufungua shokapu za aina hiyo.

Kwa kuwa simu kama hii si ya kwanza, tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi ili ulisome ukiwa na nafasi.

Gari tunalozungumzia ni Land Cruiser toleo la 100, lililoanza kuuzwa mwaka 1998 na kuendelea hadi 2007. Si yote yenye mfumo huu. Mengi yana springi na shokapu za kawaida, na kwa hayo fundi yeyote mzuri anatosha. Yale ya kifahari, pamoja na Cygnus ya Japani na ndugu yake Lexus LX470, ndiyo yenye mfumo unaoitwa kwa kifupi AHC. Utalitambua kwa vitufe vilivyo karibu na gia: kimoja cha kupandisha gari, kingine cha kushusha. Lina hatua tatu: chini, kawaida na juu.

Linafanyaje kazi? Springi bado zipo nyuma, na mbele kuna vyuma virefu vya kujisokota badala ya springi. Lakini hivi vyote vimefanywa laini kuliko vya kawaida, kwa sababu havibebi uzito wote. Uzito uliobaki unabebwa na mafuta yaliyosukumwa na pampu ya umeme hadi kwenye shokapu. Kila shokapu imeunganishwa na tufe dogo la chuma. Ndani ya tufe kuna utando wa mpira. Upande mmoja mafuta, upande mwingine gesi ya naitrojeni. Gurudumu likiingia shimoni au kugonga jiwe, mafuta yanaibana gesi, nayo inayarudisha polepole. Ule ulaini wa godoro alioupenda msikilizaji wetu unatoka hapo.

Gesi hiyo haidumu milele. Inapungua mwaka hadi mwaka, na gari la mwaka 2000 ambalo matufe yake hayajawahi kubadilishwa lina umri wa kutosha kutiliwa shaka. Gesi ikiisha, gari linakuwa gumu na linarushwa kwenye barabara ya matuta, ingawa bado linapanda na kushuka vizuri. Kwa hiyo muuzaji akikubonyezea kitufe na gari likanyanyuka mbele ya macho yako, ameonyesha kwamba pampu ni nzima. Matufe hujayaona bado.

Tunashauri ufike asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Akikuambia amelipasha moto tayari, rudi siku nyingine. Litazame likiwa baridi: je, kona zote nne ziko sawa? Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kona iliyolala peke yake ina maana kuna kitu kinavuja au springi imechoka. Kisha washa, weka hatua ya kawaida, pima tena.

Kipimo cha matufe ni rahisi na hakihitaji kompyuta. Fungua boneti, tafuta kopo la mafuta ya mfumo huu. Lina mistari ubavuni. Simamisha gari mahali tambarare, lishushe hadi chini kabisa, soma mstari. Lipandishe hadi juu kabisa, soma tena. Mafuta yatakuwa yamepungua koponi kwa sababu yameingia kwenye mfumo. Matufe yakiwa mapya tofauti huwa karibu mistari 14. Ikiwa ni 7 au chini ya hapo, hesabu matufe manne kwenye bei kabla ya kupatana. Na kama taa ya OFF inawakawaka yenyewe, mfumo umeshaona hitilafu. Usikubali kuambiwa ni taa tu.

Angalia pia mipaipu ya chuma inayopita kwenye chesesi kwenda nyuma. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji yalitembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu hula mipaipu hiyo taratibu.

Wauzaji wengine watakuambia mfumo "umeshatolewa, sasa ni la kawaida". Si jambo baya, na kwa barabara zetu huenda likawa nafuu kwako. Ila uliza kilichobadilishwa. Aliyeweka shokapu mpya akaacha springi zile laini za zamani amekuachia gari litakalolala siku ya kwanza utakapopakia magunia ya viazi.

Ukilinunua likiwa na mfumo wake, mafuta ni yale ya AHC pekee. Mafuta ya breki yanaharibu mipira yake. Zima mfumo kwa kitufe chake kabla ya kupiga jeki, na usiruhusu mtu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta peke yake. Paipu ikipasuka linashuka papo hapo. Weka stendi za chuma au magogo imara.

Msikilizaji wetu wa Makete alipima mistari tukiwa naye kwenye simu. Ilikuwa mitano. Fundi wa Makambako amemwambia kuna njia mbili: matufe manne mapya, au springi ngumu, vyuma vipya vya mbele na shokapu za kawaida. Bado anapiga hesabu, na gari liko chini ya mwembe wa jirani yake.