Magofu ya Roma Yasiyotembelewa Sana

Roma, mji mkuu wa Italia, hujulikana zaidi kwa Colosseum na Vatikani. Hata hivyo mji huo una kumbukumbu nyingine za kale ambazo wageni wengi huzipita bila kuzitazama, ilhali zinaeleza vizuri maisha ya kila siku ya wakazi wake.

Kusini mwa mji, karibu na mto Tiber, kipo kilima cha Monte Testaccio, chenye kimo cha mita 35 hivi. Kilima hicho ni lundo la vigae vya mitungi iliyoleta mafuta ya zeituni, mengi kutoka kusini mwa Hispania na mengine Afrika ya Kaskazini. Udongo wa mitungi ulinyonya mafuta yakachacha, hivyo haikufaa kutumika tena. Ilivunjwa, vipande vikapangwa kwa matabaka na kunyunyiziwa chokaa kuzuia harufu. Baadhi ya vigae vina maandishi ya wino yanayotaja uzito wa mafuta na jina la mfanyabiashara, na kwa hayo wanahistoria wameweza kuifuatilia biashara ya dola nzima.

Jirani na hapo pana piramidi ya Caius Cestius, kaburi lenye kimo cha mita 36 hivi, lililojengwa baada ya Warumi kuiteka Misri mwaka 30 KK. Maandishi ubavuni yanasema kazi ilikamilika kwa siku 330. Katika karne ya 3 BK liliunganishwa na ukuta wa mji, jambo lililosaidia kulihifadhi.

Upande wa mashariki limesimama lango la Porta Maggiore la mwaka 52 BK, ambalo juu yake ilipita mifereji miwili ya maji. Kando yake ni kaburi la Eurysaces, mwoka mikate. Michoro iliyochongwa juu yake inaonyesha ngano ikisagwa, unga ukikandwa na mikate ikipimwa. Kaburi hilo lilifichwa ndani ya ngome ya lango hadi mwaka 1838.

Si mbali na Colosseum lipo kanisa la San Clemente la karne ya 12. Chini yake kuna kanisa la karne ya 4, na chini zaidi majengo ya karne ya 1 yenye hekalu la mungu Mithra.

Colosseum huonyesha fahari ya watawala. Anayetaka kuwajua waliokanda unga na kupakua mafuta hana budi kufika katika sehemu hizi.